UZI: Sheria ya Virginia ya 1662 iliyosema mtoto afuate hali ya mama, na binti aliyetoroka nyumbani kwa rais George Washington

Mwana_Urambo (mleta uzi)

Wakuu salaam. Hili jambo limenikaa kichwani siku nyingi, leo nimeamua kulishusha lote hapa. Ni refu, mwenye haraka aweke alama asome baadaye akiwa ametulia.

Mwezi Mei 1796 magazeti ya Philadelphia, ambao ndio ulikuwa mji mkuu wa Marekani kipindi hicho, yalitoa tangazo la kumtafuta msichana. Ametoroka nyumbani kwa Rais, anaitwa Oney Judge, maji ya kunde, uso una madoadoa mengi, macho meusi sana, nywele zimejaa, urefu wa wastani, mwembamba, umri kama miaka 20. Tangazo likaongeza kwamba ana nguo nyingi nzuri za kubadilisha, za kila aina. Atakayemrudisha anapewa dola 10. Aliyelitoa ni msimamizi wa nyumba ya George Washington, huyuhuyu ambaye sura yake iko kwenye noti ya dola moja.

Sasa kilichonifanya nikose usingizi sio tangazo. Ni kwamba baba wa huyu binti alikuwa mzungu, Mwingereza, fundi nguo anaitwa Andrew Judge, alikuja Amerika kwa mkataba akawa anashona nguo pale Mount Vernon, shambani kwa Washington huko Virginia. Mama yake anaitwa Betty, mtumwa, naye fundi wa kushona palepale. Na kwa sheria ya Waingereza tangu enzi na enzi mtoto anafuata baba, jina la baba, ukoo wa baba, urithi wa baba. Yaani kwa sheria ya kwao wenyewe huyu mtoto wa Andrew angetakiwa azaliwe huru!

Ilikuwaje akaandikwa kwenye daftari la mali? Hapo inabidi turudi nyuma miaka 134 kabla ya lile tangazo, na ikibidi turudi mpaka mwanzo kabisa.

Kinyozi wa Mwanjelwa

Weka vitu mkuu, nimekaa hapa na chai yangu. Mi nilijua utumwa Marekani ulianza siku moja tu meli ikafika basi

Mwana_Urambo

Hapana mkuu, na hilo ndilo nataka tulione pole pole. Meli ilifika kweli lakini sheria ilikuwa bado haipo. Utumwa wa Marekani uliandikwa kipengele kwa kipengele, na watu waliokaa kikaoni, wenye majina, tarehe zinajulikana.

Mei 1607 Waingereza 104, wanaume na wavulana watupu, walishuka Virginia, ukingoni mwa mto wakauita James kwa jina la mfalme wao, na kijiji wakakiita Jamestown. Walitumwa na kampuni ya wafanyabiashara wa London, walitarajia dhahabu. Dhahabu hakuna. Eneo ni kinamasi, maji ya chumvi chumvi, na ile nchi ilikuwa na wenyewe, himaya ya Wapowhatan chini ya chifu mkuu Wahunsenacawh, ambao ndio walikuwa wanawauzia mahindi wakipenda na kuwanyima wakipenda. Kiangazi cha 1609 uhusiano ukawa umeharibika kabisa, wakazingirwa ndani ya ngome yao, na majira ya baridi ya 1609 kuamkia 1610 walikula farasi, wakala mbwa, wakala panya, wakatafuna ngozi za viatu. Mwaka 2012 wanaakiolojia walifukua pale shimo la taka wakapata fuvu na mfupa wa mguu wa msichana wa miaka kama 14, mfupa una alama za kisu. Aliliwa. Waliobaki hai walikuwa kama 60 tu kati ya mamia.

Naliweka hili kwa sababu moja, watu hawa walikuwa karibu kufunga virago warudi kwao. Kilichowabakisha ni tumbaku.

Mimi nimekulia Urambo, Tabora, kwenye tumbaku, kwa hiyo nikisoma habari za John Rolfe kuanza kupanda mbegu za kutoka visiwa vya kusini mwaka 1612 naona kabisa nini kilitokea. Tumbaku haina mzaha na mikono ya watu. Unatengeneza kitalu, unafunika, unamwagilia, unahamisha mche mmoja mmoja, unapalilia, unakata kilele jani lipate unene, halafu machipukizi yanatoka pembeni unayang'oa yanatoka tena, viwavi unaokota kwa mkono jani hadi jani asubuhi, kisha unakata, unatundika kwenye bani (banda la kukaushia), unakesha ukiangalia jani lisioze wala lisikauke kupita kiasi. Mama yangu vidole vilikuwa vyeusi kwa utomvu msimu mzima, hata ale ugali anasikia uchungu mdomoni. Na jina Virginia kule kwetu mtoto mdogo analijua kabla hajajua ni jimbo, ni aina ya tumbaku!

Ndio maana mwaka 1617 aliyekuja kuongoza Jamestown aliikuta tumbaku imepandwa mpaka sokoni na njiani. Bei ilikuwa nzuri London, ardhi wanainyang'anya kwa wenyeji, kinachokosekana ni mikono tu. Kuanzia 1618 kampuni ikasema ukimlipia mtu nauli ya kuja unapewa ekari 50 kwa kichwa kimoja. Vijana maskini wa Kiingereza wakamiminika kwa mikataba ya miaka minne mpaka saba, wengi walikufa kabla ya kumaliza.

BintiShangani

Assalaam alaykum ndugu zangu. Na wale Waafrika wa 1619 walitokea wapi haswa? Maana kila mtu anataja mwaka hakuna anayetaja kwao.

Mwana_Urambo

Waalaykum salaam dada, swali zuri sana. Walitoka Ndongo, nchi ya Wambundu, ndani ya Angola ya leo. Mwaka 1618 na 1619 gavana wa Kireno pale Luanda alikuwa anapigana vita na ufalme wa Ndongo akishirikiana na vikosi vya Waimbangala, maelfu wakakamatwa. Meli ya Kireno São João Bautista ikapakia mateka kuwapeleka Veracruz, Meksiko, njiani meli mbili za maharamia wenye kibali cha vita zikaivamia zikachukua baadhi ya watu. Moja ya hizo, White Lion, ikatia nanga Point Comfort Virginia mwishoni mwa Agosti 1619, na John Rolfe yule yule wa tumbaku akaandika kwamba walileta Waafrika ishirini na kitu wakabadilishwa kwa chakula. Ishirini na kitu! Hata kuwahesabu sawasawa mtu hakujisumbua.

Ajabu ni kwamba wiki nne tu kabla ya hapo, tarehe 30 Julai 1619, ndani ya kanisa la Jamestown lilikuwa limekaa bunge la kwanza la wawakilishi katika makoloni ya Kiingereza huko. Mwaka mmoja, kijiji kimoja.

mtu_wa_Ahero

Wacha niulize straight, wengine husema hata sisi Waafrika tuliuzana wenyewe, kwa hivyo hakuna wa kulaumiwa peke yake. Unaonaje hiyo?

Mwana_Urambo

Kuuzana kulikuwepo ndugu yangu na Waimbangala nimewataja hapo juu, sijawaficha. Lakini ninachozungumzia kwenye huu uzi ni kitu kingine, ni mtoto ambaye hajazaliwa. Mateka wa vita ana siku yake aliyokamatwa. Virginia walitengeneza kitu ambacho hakihitaji vita wala kukamata, kinahitaji mwanamke ajifungue tu. Nisubirini nifike.

Miaka ile ya mwanzo mambo yalikuwa hayajakaa sawa. Kuna Mwafrika anaitwa Antonio aliletwa 1621, akaja kuwa huru, akajiita Anthony Johnson, akaoa mke anaitwa Mary, na kufika 1651 ana ekari 250 Northampton na watumishi wake. Wakati huohuo kuna John Punch, 1640, alitoroka na wazungu wawili wakakamatiwa Maryland, wote watatu wakachapwa viboko 30, wale wawili wakaongezewa miaka kwenye mkataba, yeye kwa sababu ni mweusi akahukumiwa kutumikia maisha yake yote. Kosa moja, viboko sawa, hukumu tofauti. Kwa hiyo kila kitu kilitegemea hakimu ameamkaje na una nani wa kukutetea.

Ndio anaingia mwanamke ninayetaka mumkumbuke, Elizabeth Key. Baba yake Thomas Key, Mwingereza na aliyekuwa mbunge wa lile bunge la Virginia, mama yake Mwafrika. Mtoto akiwa mdogo baba alimwacha kwa mtu kwa mkataba wa miaka tisa kisha awe huru. Baba akafa, mkataba ukapita mikono, miaka tisa ikawa kumi na tisa na binti bado anatumikishwa. Mwaka 1655 aliyemshikilia akafa, waliokuwa wanahesabu mirathi wakamwandika pamoja na watumwa. Akaenda mahakamani. Wakili wake kijana wa Kiingereza William Grinstead ndiye pia alikuwa mwenzi wake na wamezaa mtoto. Hoja tatu: baba yangu ni Mwingereza huru na mtoto anafuata baba, mimi ni Mkristo niliyebatizwa, na mkataba wangu umekwisha zamani. Kesi ikashinda, ikapinduliwa, ikafika mpaka bungeni, mwishowe 1656 akawa huru yeye na mwanaye, akafunga ndoa na Grinstead.

Sasa tazama. Desemba 1662, miaka sita baadaye, bunge la Virginia linakaa. Linaanza kwa kusema kumetokea mashaka kama watoto ambao Waingereza wamezaa na wanawake weusi ni watumwa au huru, kwa hiyo tunatamka kwamba watoto wote watakaozaliwa nchi hii watakuwa watumwa au huru kulingana na hali ya mama peke yake. Basi, sentensi moja! Mlango wa kwanza wa Elizabeth ukafungwa. Mwaka 1667 wakakaa tena wakasema ubatizo haumwondolei mtu utumwa. Mlango wa pili.

Na fikirini nani alikuwa anakaa mle. Wenye mashamba. Yaani mwanaume anamwingilia mtumwa wake, ambaye hana pa kukataa, na matokeo yake sio aibu wala matunzo, ni ongezeko la mali. Hii sentensi nimeisoma mara nyingi na kila mara inaniumiza upya.

Fundi_Cherehani

Nimesoma nikasimama kidogo. Mimi nina binti watatu. Mungu atusamehe binadamu.

BintiShangani

Niongeze kidogo kwa kulinganisha maana huku pwani tulikuwa na utumwa wetu na sitaki mtu aseme tulikuwa malaika, Zanzibar watu waliuzwa sokoni, mashamba ya karafuu yalilimwa na watumwa na wengi waliteswa. Lakini kwa sheria ya Kiislamu suria akimzalia bwana wake na bwana akamkubali mtoto, mtoto yule ni huru na ana haki kwa baba yake sawa na ndugu zake, na mama hauzwi tena, bwana akifa naye anakuwa huru. Watoto wa Sayyid Said walikuwa wa masuria, Majid na Barghash wote wakakaa kwenye kiti. Mama yake Barghash alikuwa Mhabeshi. Kwa sheria ya Virginia Barghash angekuwa analima tumbaku.

Mwana_Urambo

Dada umenisaidia sana, hiyo sentensi yako ya mwisho imesema kila kitu. Ina maana hawa watu walichagua. Njia nyingine zilikuwepo duniani na yao wenyewe ya Kiingereza ilikuwepo, wakaiacha kwa mali peke yake.

Kinyozi wa Mwanjelwa

Sasa wale wazungu maskini wa mikataba walikuwa wanasemaje? Si walikuwa wanalima shamba moja na hao weusi

Mwana_Urambo

Walikuwa wanalima pamoja, wanakula pamoja, wanatoroka pamoja, na mwaka 1676 wakashika silaha pamoja kwenye uasi wa Nathaniel Bacon. Bacon mwenyewe simtetei, alianza kwa kutaka kuwaua wenyeji na kuchukua ardhi yao. Lakini jeshi lake liliichoma Jamestown moto mwezi Septemba, na baada ya yeye kufa kwa kuhara damu Oktoba, kati ya watu wa mwisho kukataa kusalimisha bunduki walikuwa weusi kama 80 na Waingereza 20, wamesimama upande mmoja. Matajiri wakaogopa. Miaka iliyofuata unaona sheria zinawatenganisha, 1691 mzungu akioa mweusi anafukuzwa koloni, 1705 wakakusanya zote wakatengeneza kitabu kizima cha sheria za utumwa, mpaka ng'ombe na nguruwe wa mtumwa wakaagiza wachukuliwe wauzwe, faida wapewe wazungu maskini wa parokia. Tuishie hapo kwa hilo, ni uzi mwingine.

Turudi kwenye tumbo la mama maana ndio moyo wa huu uzi.

Waafrika walioletwa moja kwa moja eneo ambalo leo ni Marekani, kwa makadirio ya wanahistoria, ni chini ya 400,000. Brazil walipelekwa karibu milioni 5. Lakini ilipofika sensa ya 1860 Marekani kulikuwa na watumwa karibu milioni 4! Wametoka wapi? Wamezaliwa. Sensa ya kwanza ya 1790 tayari Virginia peke yake ina watumwa zaidi ya 290,000 kati ya watu kama 748,000. Januari 1808 Marekani ikapiga marufuku kuingiza watumwa kutoka nje, na watu wa Virginia wengi waliunga mkono, si ajabu, wao walikuwa na wa kuuza. Thomas Jefferson, aliyeandika mwaka 1776 kwamba watu wote wameumbwa sawa, mwaka 1820 aliandika kwenye barua kwamba anamwona mwanamke anayezaa mtoto kila baada ya miaka miwili kuwa na faida kuliko mwanaume bora wa shambani. Barua ipo. Na watoto wake yeye mwenyewe aliozaa na Sally Hemings walizaliwa watumwa wake.

mtu_wa_Ahero

Nimenyamaza kabisa kwa hiyo ya barua. Endelea na yule msichana wa Washington, alishikwa?

Mwana_Urambo

Hakushikwa ndugu. Hebu nikueleze vizuri.

Ona Judge, ndiye yule Oney wa kwenye tangazo, alikuwa mtumwa wa upande wa Martha, mke wa rais, yaani sehemu ya mirathi ya mume wa kwanza wa Martha, ukoo wa Custis. Kisheria Washington hakuwa na mamlaka ya kumwacha huru hata angetaka, na hakutaka. Alichukuliwa utotoni kuwa msichana wa ndani wa Martha: kumvalisha, kumtengeneza nywele, kumshonea. Pennsylvania ilikuwa imepitisha sheria mwaka 1780 kwamba mtumwa wa mgeni akikaa pale miezi sita anaweza kudai uhuru. Washington alifanya nini? Alikuwa anawazungusha, kabla miezi sita haijatimia anawavusha mpaka wa jimbo kidogo halafu anawarudisha, hesabu inaanza upya. Barua za kupanga hilo jambo zipo, aliagiza lifanyike kwa siri.

Mwaka 1796 Ona akasikia kwamba atatolewa zawadi kwa mjukuu wa Martha aliyeolewa, Eliza Custis, mwanamke aliyejulikana kwa hasira. Akajua akirudi Virginia imekwisha. Philadelphia kulikuwa na weusi huru wengi, akawa anapeleka vitu vyake kwa marafiki mapema kidogo kidogo. Jioni ya tarehe 21 Mei familia ya rais ikiwa inafungasha kwa safari ya Mount Vernon, wao wakiwa mezani wanakula, yeye akatoka mlangoni. Akapanda merikebu inaitwa Nancy mpaka Portsmouth, New Hampshire, na jina la nahodha, John Bolles, alilificha mpaka nahodha akawa ameshakufa.

Fundi_Cherehani

Mkuu samahani, huko alikula nini? Mtu katoka na nguo tu.

Mwana_Urambo

Alifanya kazi ngumu za ndani kwa watu, na ushonaji ulimsaidia. Hakuwahi kuishi vizuri kimaisha tena, lazima niseme ukweli. Januari 1797 akaolewa na baharia mweusi huru, Jack Staines.

Ila hawakumwacha. Binti wa seneta alimwona barabarani Portsmouth akamtambua. Washington akaandika kwa afisa wa forodha wa pale, Joseph Whipple, amrudishe. Whipple akaongea naye kwa kisingizio cha kumpa kazi, binti akafunguka kwamba hakutoroshwa na mwanaume yeyote, alitaka uhuru, na kwamba yuko tayari kurudi kama akihakikishiwa ataachwa huru wao wakifa. Rais akajibu hawezi kukubali masharti hayo, itakuwa ni kumtunza asiye mwaminifu mbele ya wenzake. Mwaka 1799 akaja Burwell Bassett, mpwa wa Martha, akalala kwa seneta John Langdon, mezani akasema amekuja kumchukua hata kwa nguvu. Habari ikamfikia Ona usiku uleule, Jack yuko baharini, akabeba mtoto wake mchanga akakimbilia kijiji cha Greenland kwa familia ya weusi huru. Desemba mwaka huo Washington akafa. Wosia wake uliwaacha huru watumwa wake mwenyewe 123. Wa mirathi ya Custis, 153, haukuwagusa.

BintiShangani

Na yule mtoto mchanga? Kazaliwa New Hampshire, baba yake huru.

Mwana_Urambo

Ndio hapo dada, umefika mwenyewe. Baba huru, kazaliwa kaskazini kusiko na mashamba ya tumbaku, na bado kwa sheria ni mali ya ukoo wa Custis kwa sababu mama yake ni mali ya ukoo wa Custis. Na sheria ya 1793 ya kurudisha waliotoroka, ambayo Washington mwenyewe aliitia sahihi, iliruhusu kuwafuata popote. Ona alizaa watatu, Eliza, William na Nancy, na wote walikuwa katika hali hiyohiyo. Mabinti wote wawili walitangulia kufa kabla ya mama.

Alifariki tarehe 25 Februari 1848, miaka karibu 52 tangu atoke mlangoni, na kwa makaratasi bado ni mtoro. Miaka ya mwisho waandishi wa magazeti ya kupinga utumwa walimfuata Greenland, bibi kizee, maskini, anaishi kwa msaada wa wilaya, amefiwa na mume tangu 1803. Mmoja akamuuliza kama hajuti kuacha nyumba ya rais akaja kufanya kazi ngumu kuliko za kule. Akasema hapana, niko huru, na naamini kwa njia hiyo nimefanywa mtoto wa Mungu. Aliwaambia pia kwamba kule kwa Washington hakufundishwa kusoma, wala kuhusu dini hakuambiwa chochote. Kusoma alijifunza akiwa huko huko mafichoni.

Kinyozi wa Mwanjelwa

Na yule baba yake fundi nguo, Andrew, hakumtafuta hata siku moja?

Mwana_Urambo

Andrew alimaliza mkataba wake akaondoka Mount Vernon mtu huru. Mtoto alibaki na mama yake, Andrew akamwachia jina tu. Hilo jina Judge ndilo lililoandikwa kwenye tangazo.